Namna ya kumhoji mgombea wa wadi yako Mombasa, na kumfuatilia akishachaguliwa

Barazani petu kahawa huanza baada ya Isha. Ukifika mwaka wa uchaguzi, wagombea huja mmoja mmoja. Huwasalimia wazee, hulipia kahawa ya wote, huahidi maji, barabara na kazi za vijana, kisha huenda zao. Nimeyaona hayo chaguzi tatu, na hata siku moja hakuna aliyetoa kalamu akaandika kilichosemwa. Basi mvua za masika ziliponyesha, mtaro ukajaa na maji machafu yakaingia majumbani mwa watu, tulikwenda kudai mikono mitupu. Mheshimiwa tuliyemchagua alisema hakuahidi mtaro. Sisi tukasema aliahidi. Yakaishia hapo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza namna ya kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Hayahitaji wakili wala pesa nyingi. Yanahitaji watu watano wasiochoka, daftari moja, na kuanza mapema. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu unaofuata ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Ukingoja magari ya vipaza sauti yaanze kupita, umeshachelewa.

Hatua ya 1: Jua unamchagua afanye nini

Wazee wetu bado husema "diwani". Baraza la manispaa lilikwisha na uchaguzi wa Machi 2013, likaja Bunge la Kaunti. Kaunti ya Mombasa, nambari 001, ina majimbo 6 na wadi 30, na kila wadi humchagua mwakilishi mmoja, yule tunayemwita MCA. Katiba imempa kazi tatu: kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti ya kaunti, na kumchunguza gavana na mawaziri wake wanavyoitumia. Hajengi barabara. Anayejenga ni serikali ya kaunti, yeye hupigania fedha za barabara hiyo ziwekwe kwenye bajeti, kisha husimama kuuliza kwa nini haijajengwa.

Nalirefusha jambo hili makusudi, maana hapa ndipo tunapodanganywa kuliko mahali pengine popote. Ahadi nyingi zinazotolewa barazani si za mwakilishi wa wadi kuzitimiza, naye anajua. Kivuko cha Likoni ni cha serikali ya taifa. Bandari ni ya serikali ya taifa, kwa hiyo anayewaambia vijana wa Changamwe kwamba atawapatia kazi bandarini anawauzia asicho nacho. Hati miliki za ardhi, polisi, shule za msingi na za upili, na barabara kuu, zote ni za taifa.

Za kaunti ni hizi: hospitali na zahanati, ikiwamo hospitali kuu ya Makadara, chekechea na vyuo vya ufundi vya mitaani, masoko kama Kongowea na Marikiti, uzoaji taka na jaa la Mwakirunge, mitaro ya mvua, barabara za ndani ya mitaa, leseni za biashara, na maji ya bombani, kwa kuwa kampuni ya maji ya mji ni ya kaunti. Orodha yenyewe iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Zichapishe kurasa zile, uzibandike ndani ya jalada la daftari lako. Mgombea akiahidi kitu, kitafute mle kwanza. Kikiwa upande wa taifa, muulize kwa upole: "Mheshimiwa, hilo utalifanya kwa mamlaka gani?" Swali hilo moja hubadilisha mkutano mzima.

Hatua ya 2: Kusanyeni kikundi, na wanawake wawemo

Watano wanatosha. Mmoja aandike, mmoja atunze nyaraka, mmoja ajue kuingia kwenye intaneti, wawili wawe watu wanaoheshimiwa mtaani ili milango ifunguke. Kosa tulilolifanya sisi mwanzoni ni kuketi wanaume watupu wa barazani. Tulizungumza habari za siasa za gavana na seneta wiki mbili nzima. Alipokuja mama mmoja wa chama cha akina mama, swali lake la kwanza lilikuwa: "Zahanati haina dawa za watoto tangu mfungo mosi, nani aliyeliuliza hilo bungeni?" Sisi hatukuwa na habari. Wanaopanga foleni ya maji na kubeba mtoto mgonjwa ndio wanaojua kaunti imefeli wapi.

Wekeni sharti moja siku ya kwanza na mliandike: kikundi hakipokei chochote kutoka kwa mgombea yeyote. Si pesa ya ukumbi, si maji ya chupa, si nauli ya tuktuk. Kuna kikundi cha jirani kilichokubali kulipiwa viti na hema tu, na mtaa mzima ukakiita kikundi cha fulani. Hakikupona.

Na maswali mtakayouliza yawe yaleyale kwa kila mgombea. Yasiguse kabila lake, dini yake, wala kama ni mwenyeji au wa kuja. Mombasa tumeshaumizwa na maneno hayo vya kutosha.

Anzeni kabla ya michujo ya vyama. Mwaka 2022 michujo ilifanyika Aprili, miezi minne kabla ya kura. Katika wadi ambazo chama kimoja kina nguvu sana, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na ikifika Agosti hakuna tena cha kuchagua.

Hatua ya 3: Chunguza rekodi kabla hajafika

Kwa aliye bungeni sasa na anayetaka kurudi, kazi ni rahisi. Kumbukumbu rasmi za bunge, yaani hansadi, huonyesha aliyesimama, aliyesema na aliyewasilisha hoja. Vikao vya Bunge la Kaunti ni wazi kwa wananchi kwa mujibu wa Kifungu cha 196 cha Katiba, kwa hiyo unaweza pia kwenda kuketi kwenye roshani ya wageni ukajionea. Nenda na kitambulisho chako, uvae vizuri, ukae kimya.

Kisha soma ripoti mbili. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuhusu kaunti zote: kiasi kilichopangwa, kilichotolewa, na kilichotumika kwa maendeleo au kwa mishahara na safari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti ya kila mwaka, na Bunge la Kaunti hukaguliwa kivyake, mbali na ofisi ya gavana. Zote hupatikana bure kwenye tovuti za ofisi hizo. Zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, lakini usiogope. Tafuta jina la mtaa wako au la mradi unaoujua. Ukikuta mradi umeandikwa umekamilika nawe unapita hapo kila siku unaona nguzo mbili na nyasi, piga picha, andika tarehe, weka kwenye jalada.

Kwa mgombea mpya, angalia alikotoka. Amewahi kuwa mweka hazina wa chama, sako (chama cha akiba na mikopo), shule au msikiti? Nenda uwaulize wanachama kama hesabu zilisomwa. Mtu ambaye hakuwahi kuwasomea hesabu watu thelathini hatawasomea watu elfu thelathini. Ana kampuni? Taarifa za wakurugenzi wa kampuni huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo, na serikali ina tovuti ya ununuzi wa umma inayotaja waliopewa zabuni. Ana kesi? Hukumu nyingi za mahakama kuu husomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Katiba yenyewe, Kifungu cha 193, imeweka masharti: awe mpiga kura aliyesajiliwa, awe raia kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi, asiwe muflisi ambaye bado hajaachiliwa na mahakama, asiwe anatumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi, asiwe amepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma. Anayegombea bila chama lazima aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Zaidi ya hayo, kila mgombea hujaza fomu ya kujieleza kuhusu uadilifu wake chini ya Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012. Ukiwa na ushahidi kwamba amejaza uongo, uupeleke kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, au IEBC, tume ya uchaguzi, kwa maandishi.

Angalizo zito: ulichosikia kwa majirani si ushahidi. Usikiandike kwenye kikundi cha WhatsApp, usikisome mkutanoni. Andika tu kile ambacho una karatasi yake. Hiyo ni haki ya mgombea, na pia ni kinga yako.

Hatua ya 4: Omba habari kwa barua

Watu wengi hawajui kuwa wana haki hii. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria inasema wazi kuwa ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hutozwi chochote kuwasilisha ombi. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Wala hulazimiki kueleza unazitakia nini. Barua yetu ilikuwa hivi, unaweza kuinakili:

Kwa: Karani wa Bunge la Kaunti ya Mombasa
Kuhusu: Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya ______. Naomba nakala za:
1. Mahudhurio ya mwakilishi wa wadi hii katika vikao vya bunge na vya kamati, kuanzia ______ hadi ______.
2. Miswada, hoja na maswali aliyowasilisha katika muda huo.
3. Maombi ya wananchi wa wadi hii yaliyofikishwa bungeni na majibu yaliyotolewa.

Naomba nipewe kwa barua pepe au kwa nakala nitakazokuja kuchukua. Simu yangu ni ______.

Barua ya pili mwandikie Katibu wa Kaunti, uombe orodha ya miradi ya wadi yako: jina, mkandarasi, thamani ya kandarasi, kilicholipwa, na kazi ilipofikia.

Peleka nakala mbili. Moja waichukue, ya pili waigonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Usiondoke bila muhuri huo hata ukiambiwa "tuachie tu, bosi ataiona". Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Wakinyamaza au wakikataa, lalamika kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30. Barua yetu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili, iliyotaja tarehe ya muhuri na jina la Tume hiyo, ilijibiwa.

Hatua ya 5: Mkutano, na ahadi yenye sahihi

Tafuteni ukumbi wa jamii au uwanja wa mpira, msitumie msikiti wala kanisa. Waiteni wagombea wote kwa barua moja, wiki mbili kabla, na muwatumie maswali mapema. Tunataka jibu lililofikiriwa, hatutaki kumvizia mtu. Kiongozi wa mkutano awe mtu ambaye watu wakimsikia hunyamaza. Kwetu alikuwa mwalimu wa kike aliyestaafu. Mgombea mmoja alipoanza kusifu ukoo wake, alimkatiza: "Mwanangu, nimekusomesha, ukoo wako naujua. Jibu swali la tatu."

Maswali tuliyoyaona yanazaa matunda ni haya. Utapigania jambo gani moja kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza, na liko kwenye kazi za kaunti? Je, utakuwa tayari kumuuliza gavana maswali magumu hata akiwa wa chama chako? Wewe au jamaa yako ana kampuni inayofanya biashara na kaunti? Basari za kaunti, yaani misaada ya karo, zitagawiwa kwa njia gani katika wadi hii, na orodha ya waliopata itabandikwa wapi? Utakutana nasi mara ngapi kwa mwaka, siku gani, mahali gani? Kampeni yako inagharamiwa na nani?

Swali la basari liulizeni mara mbili. Ni pesa inayowafikia watoto wa maskini, na ndiyo inayogawiwa kwa kujuana kuliko nyingine zote.

Majibu yaandikwe palepale kwenye ukurasa mmoja, yasomwe kwa sauti, mgombea atie sahihi mbele ya watu. Asiyetaka kutia sahihi asilazimishwe. Andikeni tu kwamba hakutia. Asiyekuja, kiti chake kiachwe wazi chenye jina lake. Nakala za kurasa hizo zibandikwe dukani, kwenye mashine ya maji, kituo cha matatu, kila mahali watu wanapopita. Karatasi hiyo si mkataba wa mahakamani. Lakini mwaka wa tatu mtaro ukifurika tena, mtakuwa na cha kushika.

Hatua ya 6: Pesa za kampeni

Kenya ina sheria ya gharama za kampeni tangu 2013, ya kuweka kikomo cha matumizi na kumlazimu mgombea aeleze alikopata. Uchaguzi wa 2017 ulipita bila vikomo hivyo kutumika, na wa 2022 vilevile. Kwa hiyo kazi hiyo imetuangukia sisi. Hesabuni kwa macho: magari mangapi, mabango mangapi, fulana na leso ngapi, mikutano mingapi yenye pilau. Andikeni tarehe na mahali. Kisha muulizeni mgombea pesa imetoka wapi. Akisema ni yake, linganisheni na kazi anayofanya. Akisema ni ya marafiki, ulizeni marafiki gani, kwa sababu rafiki aliyelipia mabango ndiye atakayekuwa wa kwanza mlangoni kwake kudai zabuni ya taka.

Kuhusu mia mbili mbili zinazogawiwa usiku, sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Nalisema hilo kwa sababu ni lazima ulijue. Lakini jirani yangu, mjane mwenye wajukuu wanne, aliniambia: "Baba, hii nitanunua unga leo. Wewe na daftari lako utanipa nini leo?" Sikuwa na jibu, na siwezi kumlaumu. Hasira yangu ni kwa yule anayeijua njaa ile akaifanya mtaji. Tulichoweza ni kumweleza kwamba kura ni siri, hakuna anayeona alama aliyoweka, na asimruhusu mtu kushika kitambulisho chake wala kumdai apige picha karatasi ya kura. Ukiwa na ushahidi wa kugawa pesa, uufikishe kwa msimamizi wa uchaguzi wa IEBC wa jimbo lako au polisi, na uombe nambari ya ripoti.

Hatua ya 7: Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, na aliye kwenye foleni muda ukifika hupiga kura. Baada ya kuhesabu, matokeo ya wadi hujazwa kwenye fomu 36A na nakala hubandikwa mlangoni mwa kituo. Piga picha ya kila kituo cha wadi yako, ujumlishe mwenyewe, ulinganishe na yatakayotangazwa. Kumbukeni kuwa mwaka 2022 kura ya gavana wa Mombasa iliahirishwa hadi 29 Agosti baada ya karatasi za kura kuchanganywa, kwa hiyo msifunge daftari usiku wa kwanza. Mwenye malalamiko ana siku 28 tangu kutangazwa matokeo kwenda mahakamani.

Hatua ya 8: Akishaapishwa

Hapa ndipo vikundi vingi hulala. Kalenda ya bajeti haimsubiri mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Bajeti ipitishwe kufikia 30 Juni. Kaunti inatakiwa kuwaita wananchi watoe maoni, na matangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti, mara nyingi siku chache tu kabla. Mteueni mtu mmoja wa kuyatazama kila Ijumaa. Mkienda, nendeni na maoni yaliyoandikwa, mkayaache yamegongwa muhuri, maana yanayosemwa kwa mdomo husahauliwa kabla hema halijakunjwa.

Mkutaneni na mwakilishi siku aliyoahidi. Msomeeni ukurasa wake mwenyewe, jambo kwa jambo: hili umelifanya, asante, hili bado, kwa nini? Asante yenu iwe ya kweli na itolewe hadharani, kwani naye ni binadamu, na anayelaumiwa daima huacha kusikiliza. Jambo likikwama, sheria ya serikali za kaunti inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni, na ombi hilo huingia kwenye kumbukumbu hata kama mwakilishi wenu hapendi.

Nyaraka ziwekwe kwa watu watatu walio nyumba tofauti, na picha zake kwenye simu ya mwingine. Tuliwahi kupoteza jalada zima kwa mvua. Na kwa kuwa mpango wa mwaka unatakiwa kufika bungeni 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya kura, barua ya kwanza kwa mwakilishi mpya iandikeni sasa, muache pengo la jina lake.